Kwa Nini Hatufungi Poti Yoyote Inayopatikana Dukani

Mteja mmoja aliondoka karakanani kwetu, Kariakoo, akiwa na hasira. Alikuwa amefungua kifuniko cha priamplifaya pasivu tuliyomtengenezea (kisanduku kinachokaa kati ya chanzo cha muziki na amplifaya ili kurekebisha sauti), akakuta ndani poti moja (kizuizi cha umeme kinachozungushwa ili kupandisha au kushusha sauti) yenye mota, rilei chache (swichi zinazoendeshwa kwa umeme) za kuchagulia chanzo cha muziki, bodi ndogo ya rimoti na nafasi tupu, akaamini kwamba tumemtoza fedha kwa kisanduku kitupu. Malalamiko ya aina hii yamekuwa mengi, na tumeona ni haki tuyajibu kwa maandishi, hasa kwa ajili ya wale wanaotaka kujiundia kifaa hiki nyumbani, ambao jitihada zao tunaziheshimu.

Priamplifaya pasivu haikuzi mawimbi ya sauti, bali huyapunguza tu. CD pleya za kawaida hutoa volti 2 hivi, ambazo zinatosha amplifaya nyingi za nguvu, kwa hiyo hakuna haja ya kukuza chochote katikati. Mwenye chanzo hafifu, kwa mfano simu ya mkononi, pamoja na amplifaya inayodai volti nyingi, tunamwambia kabla hatujapokea fedha yake kwamba kifaa hiki hakimfai.

Njia ya mkato inayowaumiza wengi ni poti ya kiloomu 100 (kiloomu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi poti inavyozuia umeme), ambayo hununuliwa kwa kuwa ni rahisi na ipo karibu kila duka la vipuri. Kijana mmoja wa Mbezi Beach alijiundia kwa poti hiyo, akavuta waya wa mita 8 hadi kwenye amplifaya, kisha akatuletea kazi yake akisema kwamba kayamba na matoazi vimefifia kana kwamba spika zimefunikwa blanketi. Poti inapopunguza volti kwa nusu, ukinzani wake upande wa kutolea hufikia robo ya thamani yake, yaani kiloomu 25, na waya wake ulikuwa na takriban pikofaradi 100 kwa kila mita, yaani uwezo wa kushika chaji ambao, ukikutana na ukinzani mkubwa, humeza sauti nyembamba. Hata ukihesabu mzigo wa kiloomu 47 wa amplifaya yake, sauti ilikuwa imeshashuka kwa desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti) ilipofika kilohezi 12, kwenye sauti nyembamba. Tulipomwekea poti ya kiloomu 10, kikomo hicho kilipanda hadi zaidi ya kilohezi 80, na waya tukaufupisha, kwa sababu mwenye rimoti halazimiki kuweka kisanduku karibu na kiti chake. Kufikia hapo alikuwa ameshanunua poti tatu na kuunguza bodi moja ya rimoti, fedha ambazo zingetosha kulipia kazi nzima tangu mwanzo. (Kwa vyanzo vya zamani vya vali, yaani vinavyotumia mirija ya kioo, hatutumii kiloomu 10, kwa kuwa vingi hupoteza besi vikibebeshwa mzigo huo.)

Kuna pia suala la pande mbili. Poti nyingi za kawaida huruhusiwa na watengenezaji wake kutofautiana hadi desibeli 3 kati ya kushoto na kulia, na tofauti hiyo husikika zaidi usiku, sauti inapokuwa chini. Kila poti tunaipima katika nafasi kadhaa kabla ya kuifunga, na zisizolingana tunaziweka kando kwa hasara yetu. Mteja haoni saa hizo, wala haziandikwi kwenye risiti, lakini ndizo anazolipia.

Anayetaka ulinganifu kamili tunamjengea kwa rilei badala ya poti. Rilei sita kwa kila upande, zinazopunguza desibeli 1, 2, 4, 8, 16 na 32, humpa ngazi 64 za sauti, mradi rizista ziwe za usahihi wa asilimia 1 na tuzichague kwa mita, moja baada ya nyingine. Hapo ndipo umeme wetu unapokatika na kurudi ghafla huleta hatari. Mteja wa Tabata alinunua bodi ambayo rilei zake zisipokuwa na umeme huachia sauti yote. Umeme uliporudi, amplifaya iliwaka kabla bodi haijaanza kutoa amri, na twita zote mbili (spika ndogo za sauti nyembamba) zikaungua. Sisi hufunga kinyume chake: rilei isiyo na umeme hufunga sauti kabisa, nayo huanza kufunguka kutoka ngazi ya chini.

Kuhusu rimoti, tunaomba msichote umeme wake kwenye transfoma ya amplifaya, kwa sababu mvumo mwingi unaoletwa kwetu hutoka hapo. Bodi huwa na transfoma yake ndogo, mota huwekewa kapasita ya kumeza kelele za brashi zake, na saa ya bodi (mapigo ya umeme yanayoendesha chipu yake) hulala hadi kitufe kibonyezwe. Kipokezi nacho kisielekezwe kwenye taa za kubana matumizi, maana baadhi yake hutoa mawimbi yanayokivuruga.

Yule mteja aliyekasirika tumemwomba arudi na kisanduku chake, tukipime mbele yake pamoja na poti yoyote atakayoinunua mwenyewe dukani. Wengine mnaokuja kuagiza, tafadhali njooni na majina ya chanzo na amplifaya mlizonazo, pamoja na urefu wa waya mliopanga kuutumia, kwani bila hayo hatuwezi kutaja bei ya haki.