Vyama vya 4-K virudi shuleni Nairobi, jioni baada ya masomo

Mhariri,

Mimi ni mama mboga katika soko la Kangemi. Nauza sukuma wiki na kabeji kama wenzangu, lakini wateja wangu wengi hunijia kwa mboga za kienyeji: managu, terere, kunde, saga, mitoo na mrenda. Nakuandikia kwa sababu ya watoto wanaopita mbele ya meza yangu kila siku ya shule kuanzia saa tisa na nusu. Kuna jambo moja ambalo Nairobi inaweza kuwafanyia bila sheria mpya wala jengo jipya. Virudishwe vyama vya 4-K, vile vya kufundisha watoto kilimo kwa vitendo, katika kila shule ya msingi ya umma, na vifanye kazi jioni.

Wazazi wa hapa hutoka alfajiri. Wengine huenda Industrial Area kwa miguu, wengine hufua nguo Loresho na Mountain View, wengine wana vibanda kama mimi. Kurudi ni saa moja au saa mbili usiku. Kati ya kengele ya mwisho na saa hizo, mtoto huyo ni wa barabara. Akiwa na shilingi ishirini atanunua smokie au chipsi, kisha atajipenyeza kwenye kibanda cha michezo ya video. Wale wanaotumwa mboga huniambia, "Shosh, sukuma ya ishirini, nikatie," na hilo ndilo jina pekee la mboga wanalolijua zaidi ya kabeji. Msichana wa Gredi ya Sita aliwahi kushika jani la saga akaniuliza kama ni dawa ya tumbo. Simlaumu. Angejulia wapi, na nyumba anayoishi ni chumba kimoja ghorofa ya nne?

Serikali itajibu kwamba somo lipo. Ni kweli, Kilimo na Lishe ni somo katika mtaala wa umilisi (CBC), na nilifurahi kulisikia. Lakini tazama linavyotufikia mtaani. Mwalimu ana darasa lililojaa hadi mlangoni, kwa hiyo anawaagiza watoto wakapande mboga kwenye kopo nyumbani na kuleta picha. Jirani yangu aligonga mlango wangu usiku akitafuta mche wa sukuma wenye mizizi, kwa kuwa kazi ilikuwa ya kesho yake asubuhi. Mama ndiye aliyepanda, mama ndiye aliyepiga picha kwa simu, na mtoto alikuwa amelala. Mche ulikauka wiki hiyo hiyo.

Kilimo kinataka kurudiwa. Terere huchukua kama wiki tatu au nne tangu mbegu kuingia udongoni hadi majani ya kwanza kuchumwa. Katika muhula mmoja mtoto anaweza kuipanda na kuivuna mara mbili au tatu, akaona mwenyewe kilichoharibika mara ya kwanza na kukirekebisha mara ya pili. Sukuma hukawia kidogo, lakini ukishaanza kuichuma unachuma kwa miezi.

Nilikuwa mwanachama wa 4-K nikiwa msichana kule Vihiga. Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Vyama hivyo vilianzishwa mwaka wa 1962, hata kabla ya Uhuru. Afisa wa kilimo alikuja kwa baiskeli, akatufundisha kupanda kwa mstari, kurundika mboji na kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Tulichovuna tulikipika pale pale shuleni tukala. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba saga hupoteza ukali wake ikichemshwa vizuri na kulazwa kwenye maziwa, na kwamba mrenda hauivi sawasawa bila magadi kidogo. Ujuzi huo umenilishia watoto na kuwalipia karo. Baadaye maafisa wa nyanjani wakapungua na vyama vikafifia. Mwaka wa 2021 Rais Uhuru Kenyatta alivizindua upya, nami nikangoja kuviona Kangemi. Bado nangoja.

Muda si kisingizio. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka wa 2015 zinasema masomo yaishe saa tisa na nusu, na kutoka hapo hadi saa kumi na dakika 45 uwe wakati wa shughuli za nje ya darasa. Hiyo ni saa moja na robo kila siku, na imeandikwa. Katika shule ninazozijua, muda huo ama umemezwa na masomo ya ziada ama lango limefungwa na bawabu amekaa.

Nadhani najua mahali jambo hili lilipokwama. Katiba ya 2010 ilipeleka kilimo kwa kaunti, nazo shule za msingi zikabaki mikononi mwa serikali kuu. Afisa wa kilimo ana mkubwa wake, mwalimu mkuu ana wake, na hakuna anayemwalika mwenzake. Lakini mpaka huo umekwisha kuvukwa. Tangu 2023, kupitia Dishi na County, mpango wa kaunti wa chakula shuleni, mtoto wa shule ya umma hapa Nairobi hulipa shilingi tano akapata chakula cha mchana chenye moto. Nampongeza Gavana Sakaja kwa hilo bila kusitasita, kwani najua watoto waliokuwa wakishinda na njaa hadi jioni. Basi kaunti iliyoweza kuingiza sufuria katika shule ya serikali kuu itashindwaje kuingiza gunia na jembe? Mtoto aliyekula ndengu saa saba aelezwe jioni kwamba ndengu hizo hustahimili ukame kule Kitui na Makueni, aone ua lake na ganda lake, ajue aliyezilima alipata nini.

Nikisema kulima, watu huniuliza ardhi iko wapi. Gunia moja la futi tatu linatosha kuanzia. Changanya udongo na samadi iliyooza, na samadi tunayo tele karibu na machinjio ya Dagoretti. Weka kopo lisilo na kitako katikati ya gunia, lijaze mawe madogo, zungushia udongo, kisha vuta kopo juu kidogo na kujaza tena hadi ufike mdomoni. Mawe hayo ndiyo njia ya maji kufika chini. Toboa ubavuni, penyeza miche ya sukuma au managu pande zote, na juu panda vitunguu. Nimewaona kina mama wa Kibera na Mathare wakilisha nyumba zao hivyo. Shule yenye ukuta unaopigwa na jua inaweza kuwa na magunia thelathini na uwanja wa mpira ukabaki salama.

Kuna elimu nyingine ambayo mimi naiona kubwa kuliko hata kupanda. Mtoto wa mjini atanunua chakula maisha yake yote, hivyo afundishwe kuuliza. Mboga hii ilinyweshwa maji gani? Kuna sukuma inayostawi kando ya mito yetu kwa maji ya taka, majani mapana ya kupendeza, nayo huuzwa. Ilinyunyiziwa dawa lini? Kila chupa ya dawa imeandikwa siku za kungoja kabla ya kuvuna, na wapo wasiongoja. Mtoto aliyewahi kupambana na vidukari kwenye gunia lake ataelewa kwa nini mkulima hushawishika, na ataelewa pia kwa nini ni hatari.

Naomba jambo moja kwa walimu, kwa heshima yote. Jembe lisiwe adhabu. Bado zipo shule ambazo mtoto aliyechelewa au aliyepiga kelele hupelekwa kulima. Ukimfunza mtoto kwamba udongo ni mahali pa kuaibishwa, usishangae akiwa kijana akikwambia hawezi kuishika kazi hiyo. Wala chama kisiwe na mtihani. Watoto waje kwa kupenda, walime, wapike, wale, na kitakachobaki wapeleke nyumbani kimefungwa vizuri.

Tatizo la kweli ni maji. Mgao ukikatika siku nne, gunia linakufa. Kwa hiyo kila shule ipate tangi la kuvuna maji ya paa, maana mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba sasa zinatiririka tu kwenye mitaro. Likizo nayo ipangiwe zamu, wazazi na watoto wa karibu wakiingia kunywesha, la sivyo kazi ya muhula mzima itakauka Agosti.

Nairobi ina sheria ya kilimo cha mjini tangu 2015 na ina wadi 85. Bajeti ya kaunti hupitishwa ifikapo mwisho wa Juni. Kila mwakilishi wadi aulizwe ameombea shule zake matangi mangapi, na wa kwetu nitamuuliza mwenyewe kwenye kikao cha maoni ya umma. Wizara ya Elimu nayo iwaandikie walimu wakuu waheshimu ile saa moja na robo. Sisi kina mama tunaouza kienyeji hapa sokoni tumekubaliana kutoa mbegu za managu, mrenda na kunde bila malipo kwa shule yoyote ya Kangemi itakayokubali, na Alhamisi alasiri, soko likiwa limetulia, wawili wetu watakuja kufundisha. Mwalimu mkuu aulizie upande wa mboga za kienyeji, nasi tutamfuata shuleni kwake.

Mama mboga,
Kangemi, Nairobi