Mwache abebe ubao wake

Mpendwa dada,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza kama umruhusu binti yetu aende London na skeitibodi yake, ule ubao wa magurudumu wa kutelezea, au uiache juu ya kabati mpaka mrudi, ili kwa zile siku kumi umpate mtoto wako mzima. Mwaka jana na mimi niliazimia kuiacha. Nikabadili nia usiku wa kuamkia safari, nilipomkuta kijana wangu ameketi kitandani, begi limefungwa, hana neno. Nashukuru nilibadili. Mwache abebe.

Mimi nilikuwa nimeipanga Barcelona siku kwa siku: makanisa, makumbusho, ufuo. Yeye alitaka mahali pamoja tu, uwanja ulio mbele ya MACBA, makumbusho ya sanaa ya kisasa katika mtaa wa Raval. Jengo lile jeupe lilibuniwa na Richard Meier, likafunguliwa mwaka 1995. Halikujengwa kwa ajili ya vijana wa skeitibodi, ila sakafu ya uwanja ni ya mawe laini, na kingo zake ni ndefu na za chini, kana kwamba mtu alipima urefu wa mruko wao. Wanatoka pande zote za dunia kuja kuteleza pale.

Unamjua mwanangu, ukimuuliza jambo anakujibu kwa mabega. Pale uwanjani alisimama pembeni kama robo saa, mguu mmoja juu ya ubao, akitazama zamu zinavyokwenda. Maana zamu zipo, dada, ingawa huoni anayezipanga, na anayemkatiza mwenzake njia huonekana hana adabu. Yake ilipofika akarukia ukingo, akaanguka. Akarudi nyuma ya wenzake, akangoja, akaanguka tena. Mara ya sita au ya saba ubao ukapanda, ukateleza mpaka mwisho, akashuka amesimama. Vijana ambao hawakuwa na lugha hata moja ya kusikilizana naye wakaanza kugonga mbao zao chini, ta-ta-ta-ta. Hayo ndiyo makofi yao. Sikumbuki lini mara ya mwisho niliuona uso wake umenawiri vile mbele ya watu asiowajua.

Siku ya pili akaangukia mkono. Nakuambia hili wazi, kwa sababu ndilo unaloliogopa na una haki ya kuliogopa. Alifanya kile ambacho mwili hukifanya wenyewe: alinyoosha mkono kujikinga, uzito wote ukaishia kwenye kifundo. Kilivimba papo hapo. Tulipiga eksirei, mfupa ulikuwa mzima, mkono umeteguka, akafungwa bandeji na kukatazwa kuteleza kwa siku zote zilizobaki. Usiku ule nililia, nikajilaumu kwamba ningeuacha ule ubao nyumbani.

Asubuhi akaniomba twende uwanjani vilevile. Nilidhani atakaa kwa huzuni. Wale vijana walipoiona bandeji wakampa simu awapige video. Siku tatu mfululizo alikuwa mpiga picha wao, anachuchumaa, analala kifudifudi ili magurudumu yampite karibu na kamera. Katikati ya kazi hiyo alikuwa anakuja kuketi karibu yangu na kunionyesha alichopiga, akinieleza kwa nini huyu ameruka mapema, kwa nini yule amekosea kuweka mguu wa nyuma. Mwanangu akawa ananisimulia, dada! Nilijifunza kwamba mruko wa msingi wanauita oli, kutokana na jina la utani la Alan Gelfand wa Florida, aliyeuvumbua miaka ya 1970. Nilijifunza pia kuuona mji kwa macho yake. Tukitembea ananiambia, mama, tazama ngazi ile, mteremko ule, marumaru ile. Mimi nilikuwa napita nikitazama juu, kwenye minara. Yeye aliujua mji kwa sakafu yake.

Ila si kila sakafu ni yake, na hapa uwe mkali. Barcelona ina sheria zake kuhusu kuteleza katika maeneo ya umma, na mtu anaweza kupigwa faini. Pia wako watu wanaoishi juu ya viwanja hivyo, na kelele za magurudumu na mbao zinazogonga mawe saa nne usiku si jambo dogo kwa mwenye mtoto mchanga au mgonjwa. Sisi tuliwekeana masharti kabla ya kutoka: jua likizama ubao unabebwa mkononi, na akiambiwa na yeyote aondoke, anaomba radhi na kuondoka bila mjadala. Kuna alasiri aliambiwa. Aliinama, akauokota ubao, akasema samahani kwa Kihispania chake cha maneno matano. Nilimpenda sana saa ile.

Ninyi London mna bahati. Mpeleke Southbank, chini ya Queen Elizabeth Hall, jumba la muziki lililofunguliwa mwaka 1967. Chini yake palibaki nguzo na miteremko ya zege isiyo na kazi maalumu, na tangu miaka ya 1970 vijana wamepafanya kwao. Mwaka 2013 ulitolewa mpango wa kupageuza maduka. Vijana wakapinga, wakakusanya saini za watu, na mwaka 2014 yakafikiwa makubaliano kwamba wabaki. Mwaka 2019 ikafunguliwa tena hata sehemu iliyokuwa imezibwa. Mweleze binti yetu habari hiyo mkiwa palepale, mbele ya mto Thames. Ajue kwamba watu walisimama ili yeye apate pa kuteleza.

Na shemeji anayesema mchezo huu ni wa wavulana na unaharibu masomo, mwonyeshe Sky Brown wa Uingereza, aliyepata shaba ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 akiwa na miaka 13, na shaba nyingine Paris mwaka 2024. Kuhusu masomo, mwambie kule Malmö, Sweden, iko shule ya sekondari, Bryggeriet, ambako skeitibodi imo ndani ya ratiba pamoja na masomo mengine. Sikuandikii haya ili umshinde kwa hoja. Nataka tu alitazame jambo lenyewe kwanza.

Sasa ya begi. Ubao una urefu wa karibu sentimita 80, na mashirika mengi ya ndege hutaka begi la mkononi lisizidi 55, kwa hiyo soma masharti ya tiketi yenu mapema. Mengine huruhusu ubao mkononi, mengine hukataa. Sisi tulifungua nati nane, tukatoa ekseli zinazoshika magurudumu, tukaufunga ubao kwa taulo, kwa sababu ule msasa wa juu unakwangua kila unachogusa, tukauweka kwenye begi kubwa. Spana nayo iende humohumo, la sivyo inaweza kuchukuliwa kwenye ukaguzi. Kama ni ubao wa umeme ni habari nyingine kabisa, betri yake ina masharti makali. Soma bima ya safari mpaka maandishi madogo, uone kama mchezo huu umetajwa miongoni mwa michezo isiyolipiwa. Na kama shemeji hasafiri nanyi, beba barua yake ya ridhaa, maafisa wa mpakani huweza kuiuliza.

Helmeti na vikinga vya vifundo vya mikono, usikubali kujadiliana. Baada ya kile nilichokiona, hapo sina unyenyekevu. Mvua ikinyesha ubao ufunikwe, maana mbao zake hubandikwa tabaka saba na maji huzikunja, na beringi hushika kutu.

Kijana anakusalimu. Mkono umepona vizuri. Anauliza binti yetu anatumia magurudumu ya ugumu gani. Kama ni yale magumu yenye kipimo cha 99, anasema yatamtetemesha kwenye barabara za kawaida, na yeye ana seti laini aliyoitumia mara mbili tu. Ameshaifunga kwenye mfuko na kuandika jina lake juu. Niambie lini nikuletee.

Nduguyo akupendaye