Picha Moja, Televisheni Nyingi: Kwa Nini HDMI Haiungwi Kama Waya wa Antena

Wateja wengi wanaotujia wakiwa na king'amuzi kimoja na televisheni nne za mgahawa huuliza kama waya wa HDMI unaweza kuungwa kama ulivyokuwa ukiungwa waya wa antena. Hauwezi, na ni vyema kuielewa sababu yake kabla ya kutoa pesa.

Waya wa antena ulibeba mawimbi tu. Ukiyagawa, kila televisheni ilipata fungu lake, likiwa hafifu kidogo, na chenga zikaongezeka. HDMI, kinyume chake, ni mazungumzo ya pande mbili. Unapochomeka waya, televisheni hukieleza king'amuzi uwezo wake kupitia taarifa fupi iitwayo EDID, yenye viwango vya picha na aina za sauti inazozimudu, nacho hutuma kinacholingana na maelezo hayo. Kisha hufuata HDCP, yaani ulinzi wa hakimiliki, ambamo vifaa huthibitishiana funguo. Uthibitisho ukishindikana, skrini hubaki nyeusi hata kama waya ni mzima. Televisheni mbili zikiungwa kwenye tundu moja bila kifaa cha kati, majibu yao hugongana. Kwa sababu hiyo spilita ya kweli, yaani kifaa cha kugawa ishara ya HDMI, hutumia umeme: huzungumza na king'amuzi kwa niaba ya televisheni zote, kisha hutoa ishara mpya, yenye nguvu kamili, katika kila tundu.

Hata hivyo, spilita nyingi huchagua kiwango ambacho televisheni zote zinakimudu. Tuliwahi kuitwa kwenye mgahawa ambao mwenyewe alikuwa amebadilisha nyaya mara mbili kwa sababu picha katika televisheni zake tatu mpya zilikuwa zimepoteza ung'avu. Tulichomoa televisheni ya nne, ya zamani, iliyokuwa jikoni na isiyovuka kiwango cha chini cha picha cha 720p, tukaizima na kuiwasha spilita, na hapo hapo namba za wachezaji zikasomeka tena kwenye jezi. Tatizo la namna hii huondolewa na spilita yenye swichi za kuchagua EDID, au yenye uwezo wa kupunguza kiwango kwa tundu moja tu bila kuyagusa mengine. Sisi tunapendelea hiyo ya pili, ijapokuwa bei yake ni kubwa zaidi.

Kuhusu umbali, waya wa kawaida wa shaba tunauamini hadi mita 10 hivi kwa picha ya 1080p. Picha ya 4K ya fremu 60 kwa sekunde, inayohitaji waya wa kupitisha gigabiti 18 kwa sekunde, huanza kukatika mapema zaidi. Kwa ukumbi mrefu tunatumia vifaa vya HDBaseT, vinavyopitisha ishara kwenye waya wa mtandao wa Cat6 hadi mita 100. Waya huo uwe shaba tupu. Ukwangue uzi mmoja kwa kisu: rangi ya shaba ikibanduka na weupe ukatokea, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa, na hatuifungi.

Spilita hutoa picha ile ile kila mahali. Anayetaka mechi mbili tofauti kwa wakati mmoja anahitaji ving'amuzi viwili na kifaa cha matriksi, kinachochagua king'amuzi kipi kiende kwenye televisheni ipi. Kabla ya kununua chochote, tuletee namba ya modeli ya kila televisheni, pamoja na ile ya zamani, na urefu wa njia ambayo waya utapita.