Mtafuteni mkurugenzi anayeambilika

Ndugu Mhariri,

Nasoma matangazo ya kazi katika gazeti lako kila wiki kwa ajili ya wanangu wawili, maana mimi mwenyewe nimestaafu tangu 2016. Majuzi nikakutana na tangazo la kampuni inayotafuta mkurugenzi mtendaji. Walitaka mwenye shahada ya uzamili, uzoefu wa miaka 15, mwenye maono, mbunifu, anayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Nilisoma mpaka anwani ya kutuma barua, nikawa natafuta neno moja tu, sikuliona. Hawakuandika: awe anaambilika.

Kwetu mtu akishasemwa "yule haambiliki", wazee wamekwisha kunawa mikono. Kijana asiyeambilika hujiumiza mwenyewe. Mkurugenzi asiyeambilika huumiza watu wengine kabisa, watu asiowajua hata majina, na hilo sikulisoma popote. Nimeliona kwa macho yangu.

Nilikuwa fundi boila katika kiwanda cha sabuni kwa miaka 31. Jina la kiwanda naliacha, maana wengi tuliofanya kazi pale bado tuko hai na sitaki kumwaibisha mtu. Kazi ya boila ni kuchemsha maji yawe mvuke, na mvuke ndio unaopika sabuni. Maji yetu yalikuwa na chokaa nyingi. Ukiyatia kwenye boila hivyo hivyo, mirija inashika magamba meupe kama yale unayoyaona ndani ya birika la chai. Magamba yakishika, moto upande mmoja na maji upande wa pili havikutani vizuri. Chuma kinapata joto kupita kiasi, kinalegea, na siku moja mrija unapasuka. Ndiyo maana maji hupitishwa kwanza kwenye tangi la kulainishia, lenye chembechembe zinazonasa chokaa. Chembechembe zenyewe zinahitaji kusuuzwa kwa maji ya chumvi mara kwa mara, la sivyo zinachoka na chokaa inapita kama hakuna tangi.

Naeleza haya yote kwa sababu mkasa wetu ulianzia kwenye chumvi.

Mkurugenzi aliyekuja 2003 alikuwa msomi, mcha Mungu, anafika kazini kabla ya wengi na kuondoka usiku. Sikumsikia akituhumiwa wizi hata wa kalamu. Alikuta gharama ziko juu, akaanza kukata. Katika orodha ya manunuzi akaona chumvi imeandikwa mara mbili: ya kutengenezea sabuni, na ya chumba cha boila. Hiyo ya pili akaipiga mstari. Si kosa kubwa hilo. Mtu wa fedha atajuaje chumvi ina kazi gani kwenye boila? Angeambiwa siku ile ile, mambo yangeisha kwa gunia chache tu.

Lakini hakuambiwa, na sababu naijua. Wiki mbili nyuma yake kulikuwa na kikao cha wakuu wa idara. Meneja mauzo alisimama akasema mauzo ya kanda moja yameanguka na akaeleza kwa nini. Mkurugenzi alimkata kauli mbele ya wote: "Mimi sikuajiri watu wa kuniletea matatizo, niliajiri watu wa kuniletea majibu." Mhudumu wa chai alikuwemo mle ndani. Kufika saa sita mchana maneno hayo yalikuwa yameshafika getini, na jioni zamu nzima inayajua. Kuanzia siku hiyo kila mtu akawa anajiuliza, kabla ya kufungua mdomo, kama jambo lake ni tatizo au ni jibu.

Mimi niliandika kwenye daftari la zamu: "Chumvi imekwisha siku 9. Maji yanaingia na chokaa. Mirija itapasuka." Msimamizi wa zamu akalisoma, akaniambia kwa upole, "Mzee, punguza maneno," akapeleka juu kwamba mirija inaweza kuathirika. Fundi mkuu wa mitambo naye akaandika kwenye ripoti ya mwezi kwamba mfumo wa maji unahitaji kuangaliwa. Meneja uzalishaji akaliweka kwenye ukurasa wa tatu, chini kabisa: "Boila: inaendelea vizuri, matengenezo ya kawaida yamepangwa." Hakuna hata mmoja aliyesema uongo, ukimuuliza. Kila mmoja alipunguza ukali kidogo tu, kama watu wanaopokezana chungu cha moto na kila mmoja anaongeza kitambaa, hadi aliyeko mwisho anashika kitu baridi.

Miezi mitatu baadaye, saa tisa usiku, mirija miwili ilipasuka. Mvuke ukatoka kwenye mlango wa mbele wa boila ukamkuta kijana aliyekuwa akisoma kipimo. Mkono wa kulia, kuanzia kiwiko hadi vidole. Nilimfunga shuka langu nililokuja nalo kwa ajili ya baridi, nikampeleka hospitali kwenye gari la kubebea sabuni. Kiwanda kilisimama siku 11.

Asubuhi ile mkurugenzi alikuja chumba cha boila kwa mara ya kwanza. Alisimama akaangalia mirija tuliyoitoa, akaubandua ugamba mmoja kwa kucha, mnene kama ganda la yai la bata. Akauliza, "Mbona hakuna aliyeniambia?" Nawaapia alikuwa anauliza kweli. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Hakujua kwamba jibu alikuwa amelitoa mwenyewe kwenye kile kikao.

Mkurugenzi aliyemtangulia hakuwa na elimu kama yake. Lakini saa kumi na mbili asubuhi, zamu zinapopokezana, mara mbili kwa wiki ungemkuta amesimama kwa mafundi. Salamu yake ilikuwa moja: "Haya, nipeni baya kwanza." Mwaka fulani aliamua kununua pampu ya maji iliyokwisha kutumika. Nikamwambia mbele ya wenzangu kwamba amekosea, pampu ile itatusumbua. Alinyamaza. Akatoa kalamu mfukoni, akasema, "Rudia, taratibu, niandike." Wiki iliyofuata alirudi kwangu kwa miguu yake, akaniambia pampu atainunua vilevile kwa sababu fedha ya mpya haipo mpaka mwaka ujao, ila ameagiza vipuri vya akiba viwekwe stoo. Sikupata nilichotaka. Lakini nilijua nimesikiwa, na siku nyingine nikiona kitu sitasita. Nasisitiza hapa kwa sababu wengine hudhani kuambilika ni kukubali kila unaloambiwa. Yule mzee alikuwa na msimamo kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi.

Mwanangu anayesomea uhandisi alinisimulia habari za Paul O'Neill, Mmarekani aliyeshika kampuni ya aluminiamu ya Alcoa mwaka 1987. Wenye hisa walitegemea kusikia habari za faida, yeye akawaeleza usalama wa wafanyakazi. Aliweka utaratibu kwamba mtu akiumia popote katika kampuni, mkuu wa kitengo ampe taarifa ndani ya saa 24, pamoja na namna ya kuzuia lisitokee tena. Wafanyakazi aliwapa namba yake ya simu ya nyumbani. Mwaka 1996, kwenye mkutano wa wenye hisa, mtawa mmoja wa Kikatoliki alisimama akasema kuna wafanyakazi wa kiwanda chao huko Mexico walioumwa kwa kuvuta hewa yenye sumu. O'Neill akachunguza, akakuta ni kweli, na makao makuu hayakuwa yameambiwa. Mkuu wa kitengo kile alikuwa hodari wa kazi na kampuni ilikuwa inapata fedha nyingi kupitia kwake. Akaondolewa. Mwanangu alipofika hapo nilimwomba asimulie tena tangu mwanzo. Nilikuwa nawaza yule kijana na mkono wake.

Sisi tumelelewa na methali ya asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni methali nzuri nyumbani. Lakini inamfunza mdogo tu, na mtu aliyekua nayo akipewa kiti kikubwa huamini kwamba kusikia ni kazi ya walio chini. Kiwandani mambo yako kinyume: mkuu asiposikia, guu linalovunjika ni la mwingine.

Nafahamu wakurugenzi wana presha ambazo sisi wa chini hatuzioni. Kuna mabenki, kodi, umeme unaokatika, bodi inayotaka hesabu nzuri kila robo mwaka. Mtu aliyechoka hapendi kupelekewa baya jingine. Ndiyo maana nasema hii ni tabia ya kutafutwa kabla mtu hajapewa kazi, kwa sababu akishakaa pale juu hakuna wa kumfundisha.

Kwa hiyo naziomba bodi za kampuni, hasa zenye viwanda, zipunguze kumuuliza mwombaji habari za maono. Zimuulize: mara ya mwisho mtu wa chini yako kukwambia umekosea ilikuwa lini, na ulimfanya nini yule mtu? Akikosa mfano, au mfano wake ukawa wa miaka kumi nyuma, waandike. Halafu waende alikotoka. Wasiishie kwa wakubwa wenzake waliotajwa kwenye barua ya maombi. Wamtafute dereva wake, mtunza stoo, katibu muhtasi, mlinzi wa zamu ya usiku. Hao wanajua kama mlango wake ulikuwa unagongeka.

Kijana yule sasa ana watoto watatu na anauza vipuri vya pikipiki. Tunaonana msikitini Ijumaa. Vidole viwili havikunjiki, basi husalimia kwa mkono wa kushoto na kuomba radhi kila mara, kana kwamba kosa ni lake.

Fundi boila mstaafu,
Tanga