Mwanangu, Kabla Hujatoa Pesa

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Hongera kwa kazi, na hongera zaidi kwa kujibana muda wote huo bila kukopa. Sasa unataka simu mpya na gari, vyote kwa mpigo, na unaniuliza nina maoni gani. Maoni ninayo tele. Baba yako anasema huwa ninayatoa hata nisipoulizwa. Basi kaa vizuri.

Mimi kitu sikipimi kwa siku kinapotolewa kwenye boksi. Siku hiyo kila kitu kinapendeza. Nakipima kwa mwaka wake wa nne. Kitakuwa bado kinafanya kazi? Kikiharibika, atapatikana mtu wa kukitengeneza? Na aliyeniuzia atakuwa bado anaweza kukizima akiwa huko aliko? Hilo la mwisho zamani hatukuwa na haja ya kuliuliza.

Tuanze na simu, maana najua umeshaichagua na unachotafuta kwangu ni baraka tu. Hizo megapikseli 200 za kamera yake zisikubabaishe. Kamera za namna hiyo kwa kawaida huunganisha pikseli 16 kuwa moja, na picha unayobaki nayo ni ya megapikseli 12 na ushei. Picha nzuri, hasa usiku, inatokana na ukubwa wa kihisi (kile kipande kinachopokea mwanga), lenzi, na programu inayoichakata. Ningekuwa wewe, ningeuliza kwanza simu itapokea masasisho ya usalama kwa miaka mingapi. Hapo mambo yamekuwa mazuri kweli: mwaka 2023 Google waliahidi miaka 7 kwa Pixel 8, na mwanzoni mwa 2024 Samsung nao wakaahidi hivyo hivyo kwa Galaxy S24. Simu nyingi za bei ya chini hazifiki huko, na muuzaji hana haraka ya kukwambia. Ndiyo maana naona heri simu ya daraja la juu iliyotoka mwaka juzi kuliko ya daraja la kati iliyotoka jana, mradi betri yake iwe nzima.

Betri za lithiamu hazipendi mambo mawili: joto, na kukaa zimejaa pomoni kwa muda mrefu. Ukilaza simu chini ya mto ikiwa kwenye chaji, umeyafanya yote mawili kwa pamoja. Simu nyingi za sasa zina mpangilio wa kusimamisha chaji ikifika asilimia 80. Uwashe, kisha usahau. Na ile habari ya kuacha simu iishiwe mpaka ijizime yenyewe “ili betri izoee”, ambayo mjomba wako bado anaihubiri, ni mafundisho ya betri za nikeli za enzi zile. Mwache aseme, usimbishie mbele za watu.

Chaja usinunue kama unayo. Umoja wa Ulaya umelazimisha simu mpya zinazouzwa kwao ziwe na tundu la USB-C tangu mwisho wa 2024, na Apple walishahamia huko na iPhone 15 mwaka 2023. Waya mmoja kwa nyumba nzima! Sheria hiyo naipenda kuliko simu zenyewe.

Vifaa janja vya nyumbani nitavipitia haraka. Baba yako alinunua taa inayowashwa kwa simu. Jioni moja intaneti ilikatika, nikamkuta amesimama gizani, mkono juu, anatafuta mtandao, na swichi iko ukutani pale pale kwenye bega lake. Nikazima nikawasha, taa ikawaka. Hakusema kitu. Friji yenye skrini mlangoni nayo nakuomba uiache dukani. Friji nzuri huishi zaidi ya miaka 10, ila aliyetengeneza programu ya ile skrini hana sababu ya kuihudumia muda wote huo.

Sasa gari, na hapa usome polepole.

Nunua lililotumika. Usiende kuliangalia usiku wala wakati wa mvua, kwa sababu maji huficha mikwaruzo na rangi iliyopigwa upya. Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja kwenye boneti. Kama lina moto, ujue ameshalipasha, na injini ya moto huficha mengi. Liwashwe likiwa baridi huku wewe umesimama nyuma unaangalia ekzosi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi ni mafuta yanayozidi. Mweupe mwembamba unaopotea baada ya dakika chache ni mvuke tu, lakini mweupe mzito usiokwisha huenda ni maji ya radieta yanayoingia kwenye injini. Hapo shukuru, aga, ondoka.

Kilomita za dashibodi zinarudishwa nyuma, na kila mtu anajua. Wewe angalia vitu ambavyo watu husahau kuvidanganya: mpira wa pedali ya breki, ngozi ya usukani, na ukingo wa kiti cha dereva upande anaopandia. Gari linalodai kilomita 40,000 halina sababu ya kuwa na pedali iliyolika mpaka chuma kinaonekana. Kisha chuchumaa usome ubavu wa tairi. Kuna herufi DOT, na mwisho wake tarakimu nne: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri kabisa na mpira ukawa umeshazeeka na kujaa nyufa ndogo ndogo. Na upepo ujaze kwa kipimo cha kibandiko kilichopo kwenye mlango wa dereva. Namba iliyoandikwa kwenye tairi ni kikomo cha tairi lenyewe, haijui lolote kuhusu gari lako.

Uliza pia kama injini ina mkanda wa taimingi, ule unaofanya valvu ziende sambamba na pistoni, au mnyororo. Kama ni mkanda, ulibadilishwa lini, na risiti iko wapi? Ukikatika njiani, kwenye injini nyingi pistoni zinagonga valvu, na fundi atakutajia bei ya injini nzima.

Najua unapenda yale yenye skrini kubwa katikati. Nimeliendesha moja. Kupunguza kiyoyozi tu ilibidi niondoe macho barabarani, nitafute ukurasa, nibonyeze, nikose, nibonyeze tena. Kifundo cha kuzungusha ungekishika hata kwa kupapasa. Siko peke yangu: Euro NCAP, wanaopima usalama wa magari huko Ulaya, kuanzia 2026 wanataka honi, waipa, indiketa na taa za dharura ziwe na vitufe au swichi zake ili gari lipate alama bora.

Halafu kuna hawa wanaotaka ulipie gari baada ya kulinunua. Mwaka 2022 BMW walijaribu, katika baadhi ya nchi, kutoza ada ya mwezi ili viti vipate joto, na mitambo yenyewe imeshafungwa ndani ya gari. Watu wakapiga kelele, 2023 wakaacha. Linganisha na Volvo: mwaka 1959 mhandisi wao Nils Bohlin alibuni mkanda wa kiti unaoshika sehemu tatu, na kampuni ikaacha hataza, yaani haki ya kumiliki ubunifu huo, wazi ili watengenezaji wengine wautumie. Mkanda huo hauhitaji akaunti wala nywila, na kila gari utakaloliangalia unao. Ufunge, hata ukiwa unaenda hapo jirani.

La umeme umeliuliza pia. Sina ugomvi nalo. Halina oili ya injini ya kubadilisha, na breki zake hudumu kwa kuwa mota yenyewe hupunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri. Kama una mahali pako pa kulichaji usiku, lifikirie. Kama utategemea vituo vya nje, subiri kwanza. Na likiwa limetumika, taka ripoti ya afya ya betri kabla ya kitu kingine chochote.

Ukienda kuliangalia hilo jekundu ulilonitumia picha, nenda na fundi wako, si fundi wa muuzaji. Nipigie kwa video ukifika. Nionyeshe pedali kwanza, halafu tairi zote, na la akiba usilisahau. Rangi nimeshaiona.

Mama yako