Barua ya wazi kwa kamati za sikukuu makanisani: ondoeni kadi mlangoni

Wanangu wa kamati za sikukuu, kuanzia Igoma hadi Nyegezi hapa Mwanza, nanyi wa Magu, Sengerema na Ukerewe,

Mwangaluka. Tumsifu Yesu Kristo. Na kwenu mnaosalimiana kwa namna nyingine, Bwana Yesu asifiwe.

Jambo hili limefumbiwa macho muda mrefu, sasa basi. Kwenye sikukuu ya mavuno mwaka huu, katika kanisa moja la huku kwetu ambalo sitalitaja, kamba ilizungushwa kwenye turubai na kijana wa kamati akasimama penye upenyo akikagua kadi za waliochangia. Mwenye kadi aliingia, akapewa sahani ya pilau na soda. Asiye na kadi alibaki juani, na wengi wa waliobaki juani walikuwa watoto waliotoka kuimba mbele ya madhabahu muda mfupi tu uliopita. Harambee ilianza saa 7 ikaisha saa 10. Pilau lililoivishwa alfajiri lilifunuliwa jioni hiyo likiwa limeanza kuchacha. Meza kuu hawakulionja hilo. Wao walishapakuliwa mapema, ofisini.

Nani aliwafundisha hivi? Maandiko hayakuwafundisha. Fungueni Kumbukumbu la Torati sura ya 14. Mungu anawaambia Israeli wachukue fungu la kumi la nafaka, divai na mafuta, waende nalo mahali atakapopachagua, walile mbele zake. Safari ikiwa ndefu, wauze, wafunge fedha mkononi, na wakifika wanunue chochote roho zao zinachotamani, wale na kufurahi wao na nyumba zao. Mahubiri ya fungu la kumi tunayasikia kila mwezi. Hili la kulila kwa furaha halisomwi. Sura ya 16 inataja wa kufurahi mmoja mmoja: mwana, binti, mtumwa, mjakazi, Mlawi, mgeni, yatima, mjane. Mwenye kadi hayumo.

Na Kana ya Galilaya mnaijua. Mabalasi 6, mitungi ile mikubwa ya mawe, kila moja likichukua nzio mbili au tatu, na nzio moja ni karibu lita 40. Pigeni hesabu: si chini ya lita 480 za divai, yaani ndoo 24 zile kubwa za lita 20, kwa harusi ya kijijini. Bwana hakuuliza nani amechangia.

Najua kadi mmezitoa wapi. Mmezitoa kwenye harusi zetu, ambako mtu anaandikiwa single au double, yaani kuingia mmoja au wawili, kulingana na mchango wake, na jirani aliyemlea bibi harusi anakosa kiti kwa sababu mchango wake ulikuwa kuku. Mji huu umeizoea aibu hiyo. Watu wanakopa ili waingie ukumbini, halafu Januari mtoto anarudishwa shule kwa kukosa sare. Kanisa lilipaswa kuwa mahali ambapo desturi hiyo inakoma. Badala yake mmeileta ndani, mkaipa kwaya ya kuisindikiza.

Mtaniambia, mzee, bila kadi chakula hakitoshi. Kinatosha kikipangwa. Chukueni watu 300, nusu yao watoto. Mnahitaji mchele kilo 40, yaani madebe mawili na nusu hivi, kwa sababu debe ni kilo 16 hadi 18. Waambieni watu walete mchele wenyewe, sado kwa sado, wiki mbili kabla, na kila jumuiya iandikiwe fungu lake. Nyama kilo 30. Hapa ndipo wengi mnaharibu: nyama inakatwa mapande makubwa, watu 100 wa kwanza wanaimaliza, wa nyuma wanapata mchuzi. Ikateni ikiwa mbichi, vipande vya gramu 50. Kilo 30 zitatoa vipande 600, viwili kwa kila mtu, mtoto na mchungaji sawasawa. Sufuria moja isizidi kilo 10 za mchele, maana ukijaza zaidi chini kunaungua na juu kunabaki kiini. Kwa hiyo sufuria nne, mafiga manne.

Msipike alfajiri. Wali ukikaa saa nyingi ukiwa vuguvugu unaharibika, na unaweza kumwangusha mtu hata kabla haujanuka. Ibada ikiisha saa 5 na nusu, sufuria ya mwisho ishuke saa 5, ibaki imepaliwa makaa, na kupakua kuanze saa 6 kamili. Watoto kwanza. Wakalisheni kwenye mikeka kumi kumi, kila kumi sinia moja. Watoto 150 ni sinia 15, na wamama wanne wanawamaliza upesi. Kabla ya sinia kushuka, ndoo zenye koki na sabuni zipite. Kipindupindu si kigeni mwambao huu wa Ziwa Victoria. Watu wazima wafuate kwa foleni mbili, upawa ule ule kwa kila mtu. Viongozi mwishoni kabisa. Kiongozi akijua atakula wa mwisho, hotuba yake inakuwa fupi.

Harambee ipewe Jumapili yake. Msiiweke kati ya ibada na chakula.

Sasa nawageukia ninyi wazee wenzangu mnaosema michezo na ngoma ni mambo ya dunia. Vijana mmewapa mikesha, semina na makatazo, kisha mnashangaa kuwakuta baa usiku wa Krismasi. Daudi alicheza mbele ya sanduku la Bwana kwa nguvu zake zote, na alipomaliza akamgawia kila mtu, wanaume kwa wanawake, mkate na nyama. Katika Luka 15 aliyesikia nyimbo na machezo akakataa kuingia alikuwa yule mwana mwema, mchapakazi, aliyetoka shambani. Baba yake alitoka nje kumsihi. Someni pale polepole, wazee wangu.

Wala hatuhitaji kwenda mbali. Pale Bujora, Kisesa, Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, hakuwaambia Wasukuma waziache ngoma zao getini. Wakati wa Sikukuu ya Ekaristi, kwa kawaida mwezi wa sita, Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vya Kisukuma, wanashindana uwanjani kwenye tamasha la Bulabo: makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, na anayevuta watazamaji wengi ndiye mshindi. Majembe ya bugobogobo, ngoma ya wakulima, yanarushwa hewani na bibi wa miaka 70 anaacha mkongojo ili apige vigelegele. Hakuna aliyepungukiwa imani kwa hilo.

Michezo nayo ina taratibu zake. Kuvuta kamba: wanane kwa wanane, uzito ukaribiane, uwanja uwe wa nyasi. Tumieni kamba nene ya katani. Ya nailoni inanyumbuka, na ikikatika inarudi kwa kishindo na kujeruhi. Mtu asijizungushie kamba mkononi wala kiunoni hata mara moja. Vidole hukatika hivyo. Wa nyuma kabisa aishike tu kama wenzake.

Mkiwapeleka vijana Saanane au kisiwa chochote, jaketi la kuokolea kwa kila kichwa, limefungwa tangu gatini, na idadi isomwe kabla ya kuondoka na kabla ya kurudi. Mtumbwi wa wavuvi si chombo cha abiria. Ziwa hili lilimeza watu wa MV Bukoba mwaka 1996 na wa MV Nyerere pale Ukara mwaka 2018. Msilijaribu kwa sababu mmeimba pambio.

Mengine kwa ufupi. Maspika yaelekee uwanjani, si kwa majirani, na saa 12 jioni yazimwe. Togwa, juisi ya ukwaju na maji vinatosha. Ndoo ya lita 20 ni vikombe 80 vya robo lita. Zawadi za michezo ziwe madaftari na sabuni. Wapishi nao wapewe muda wa kucheza, kwa zamu.

Na wale wasioweza kutembea. Nehemia aliwaambia watu wale kilichonona, wanywe kilicho kitamu, na wampelekee sehemu mtu asiyewekewa kitu. Katika aya hiyo hiyo ndimo tunamosoma kwamba furaha ya Bwana ni nguvu zetu. Kila jumuiya iandike sasa majina ya wagonjwa, wajane na wazee wake. Hotpoti zao zijazwe kabla ya sinia ya kwanza kushuka, na vijana wawili wawili wazifikishe kabla ya saa 7, wakae nao dakika chache, wawaimbie wimbo mmoja, ndipo warudi uwanjani kuvuta kamba.

Mzee wenu, Mwanza