Msiikate siku ya Horombo

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na vijana wa hapa Mtwara wanaochangishana kwenda kupanda Kilimanjaro ifikapo 9 Desemba. Ratiba yao nimeiona kwenye simu ya mpwa wangu: njia ya Marangu, siku 5. Siku ya sita, ile ya ziada kwenye kituo cha Horombo, imekatwa kubana matumizi. Fulana zenye majina mgongoni hazikukatwa.

Kabla sijarudi nyumbani kwenye korosho nilikuwa mgumu, nikibeba mizigo ya wageni njia hiyo hiyo. Pigeni hesabu. Vituo vya kulala ni vitatu: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo zaidi ya 4,700. Kila usiku mnalala kiasi cha mita 1,000 juu ya mlikolala jana, wakati madaktari wanashauri kwamba ukishavuka mita 3,000 usizidishe 500 kwa siku. Na hapo Kibo hamlali kitu, saa sita usiku mnaanza safari ya kilele cha Uhuru, mita 5,895, ambako pumzi moja ina karibu nusu tu ya oksijeni ya hapa Shangani ufukweni. Siku ya ziada mnapanda hadi miamba ya Zebra Rocks, kisha mnarudi kulala pale pale Horombo, mwili upate kuzoea. Panda juu, lala chini, waongozaji hawachoki kulisema hilo.

Najua mtanijibu: sisi tunazamia pweza Msimbati, mapafu tunayo. Ugonjwa wa mwinuko hauangalii kifua. Wenye nguvu ndio wanaokwenda mbio, ukawakuta mbele. Nilimwona mmoja Kibo, kijana wa pwani kama sisi, kila akiulizwa anajibu "niko fiti", huku kamba za viatu zimemshinda kufunga. Mwongozaji akachora mstari vumbini, akamwambia aufuate, kisigino kiguse kidole cha mguu wa nyuma. Hatua ya tatu akapepesuka. Hatukungoja kuche, tulimshusha kwa machela ya gurudumu moja, na karibu na Horombo akaanza kuuliza begi lake liko wapi. Kupepesuka kule ni ubongo unaovimba. Mwingine mapafu hujaa maji, amekaa tu lakini anahema na kukohoa mapovu. Wote wawili wanashushwa mara moja, hata kama kilele kinaonekana.

Kichwa kuuma kidogo na kukosa hamu ya kula ni jambo la kawaida, ila usipande zaidi mpaka kitulie. Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa huu, inasaidia, lakini mwoneni daktari kwanza. Mwenye selimundu asichange hata shilingi kabla ya kuonana naye.

Kabla ya kutuma awamu ya pili ya mchango, mwulizeni mwandaaji mtalala Horombo mara ngapi mkipanda. Akisema moja, mwambieni hela ya fulana ihamie huko, na inayopungua mtaiongeza.

Mgumu wa zamani,
Chikongola, Mtwara